Barafu inayoteremka kila siku inawezaje kurudi nyuma?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nasoma kwamba barafu kubwa za milimani hazikai palepale, zinateremka kila siku kama mto mzito. Kisha habari ileile inaniambia zinarudi nyuma, na kila mwaka ziko juu zaidi mlimani. Kwani zinapanda? Halafu, kama zinayeyuka, maji yakiingia chini yake si zingeteleza na kwenda mbio zaidi? Mbona naambiwa zinapunguza mwendo?"

Ndugu yangu, hakuna barafu inayopanda mlima. Hata katika mwaka mbaya kupita yote, barafu iliyo ndani ya barafuto inaendelea kuelekea bondeni. (Nitatumia neno barafuto, yaani mto wa barafu, ili tusichanganye jambo hili na barafu ya kwenye jokofu.) Kinachorudi nyuma ni mpaka, mahali ambapo barafu inaishia.

Fikiria ukuni mrefu uliolala mekoni. Mkono wako unausukuma motoni kidogo kidogo, na moto unaula kwenye ncha. Ukiusukuma kwa kasi ileile ambayo moto unaula, ncha inayowaka haiondoki mahali pake. Ukilegeza mkono, ncha inaanza kukusogelea wewe, ingawa ukuni wenyewe haujawahi kurudi nyuma hata unywele mmoja. Barafuto ni hivyo hivyo. Barafu ikifika kwenye ncha kwa mwendo wa mita 20 kwa mwaka na joto likala mita 35, mwisho wa mwaka ncha itaonekana imerudi mita 15. Mpiga picha atasema imerudi nyuma. Barafu yenyewe, kama ingekuwa na mdomo, ingekataa.

Sasa jambo ambalo habari nyingi hazisemi, na ndilo linalojibu swali lako la pili: moto hauli ncha tu. Unaudhoofisha mkono pia. Barafuto inasukumwa na uzito wake yenyewe, na uzito huo ndio unaoyeyuka.

Tuanze na mwendo, maana hapo ndipo watu wengi wanaposhangaa. Mwaka 1827 Mswisi mmoja, Franz Josef Hugi, alijenga kibanda cha mawe juu ya barafuto ya Unteraar katika milima ya Alps. Mwanasayansi Louis Agassiz alipofika huko zaidi ya miaka kumi baadaye, alikuta mabaki ya kibanda hicho zaidi ya kilomita moja chini ya pale kilipojengwa. Hakuna aliyekibeba. Kuanzia mwaka 1874 kwenye barafuto ya Rhone, nchini Uswisi, wapimaji walipanga mawe yaliyopakwa rangi katika safu iliyonyooka kutoka ukingo mmoja wa barafu hadi wa pili. Miaka ilivyopita, safu ile ilijipinda kama upinde: mawe ya katikati yalitangulia, yale ya pembeni yalibaki nyuma kwa sababu barafu ya hapo inasuguana na ukuta wa bonde. Kwa hiyo barafu haishuki kama gogo moja gumu. Inajinyumbua.

Barafu ni kitu kigumu ukikipiga nyundo, lakini ni laini ukikipa muda. Ukiirundika hadi ifikie unene wa makumi kadhaa ya mita, tabaka za chini zinaanza kujipinda kwa uzito wa zile za juu. Ndiyo maana nyufa kubwa za juu ya barafuto, zile zinazowatisha wapanda milima, kwa kawaida hazizidi mita 30 au 40 kwenda chini. Zaidi ya hapo barafu inajifunga yenyewe. Katika miaka ya 1950 mwanafizikia wa Uingereza, John Glen, alibana vipande vya barafu katika maabara huko Cambridge na kupima jinsi vinavyojipinda. Alikuta kwamba kasi ya kujipinda haiongezeki sambamba na mkazo (nguvu inayoilemea barafu), bali kwa takriban kipeo cha 3 cha mkazo. Ongeza mkazo mara mbili, na barafu itajipinda mara nane haraka zaidi.

Mkazo ulio chini ya barafuto unategemea mambo mawili makubwa: unene wa barafu na mwinamo wa uso wake. Ukichukua ugunduzi wa Glen na kujumlisha mjipindo kutoka chini hadi juu, unapata kwamba kasi ya uso hufuata unene kwa kipeo cha 4. Kiasi cha barafu kinachopita mahali fulani hufuata unene kwa kipeo cha 5, kwa sababu barafu iliyokonda inakwenda polepole na tena yenyewe ni kidogo. Ukitaka kuelewa barafuto za leo, kaa na sentensi hizo mbili kwanza.

Hebu tupige hesabu. Chukua barafuto iliyopoteza sehemu moja ya kumi ya unene wake, mwinamo ukibaki ulivyokuwa. Mtu wa kawaida atatarajia mwendo upungue kwa asilimia 10 hivi. Kumbe kasi inayotokana na kujipinda inashuka hadi asilimia 66 ya ile ya zamani, na kiasi cha barafu kinachoteremka kinashuka hadi asilimia 59. Ikikonda kwa asilimia 20, kasi inabaki asilimia 41 na barafu inayopita ni theluthi moja tu. Ikifika nusu ya unene wake wa awali, kasi ni moja ya kumi na sita na barafu inayopita ni moja ya thelathini na mbili. Kukonda kidogo kunaulegeza mkono sana. Hesabu hii inaacha nje kuteleza kwenye mwamba, nitakakofika baadaye, lakini mwelekeo wake ni wa kweli.

Hilo limeonekana kwenye vipimo. Mwaka 2019 watafiti waliolinganisha jozi nyingi mno za picha za setilaiti za milima mirefu ya Asia, za miaka ya 2000 hadi 2017, walitoa matokeo yao. Katika eneo la Nyainqentanglha, Tibet, barafuto zilikuwa zimepunguza kasi kwa asilimia 37 kwa muongo; katika Spiti na Lahaul, India, kwa asilimia 34. Huko Karakoram na Kunlun Magharibi, ambako barafu haikuwa imekonda, kasi haikupungua. Penginepo iliongezeka kidogo. Sehemu kubwa mno ya tofauti hizo ilielezwa na mabadiliko ya unene na mwinamo pekee. Ni nadra sana kwa fizikia ya kwenye ubao kukubaliana hivi na milima.

Kabla ya kuendelea na mwendo, niseme jinsi barafu inavyopotea, maana "inayeyuka kwa sababu ya joto" ni kweli isiyotosheleza.

Barafuto ina sehemu mbili. Juu, theluji inayoanguka katika mwaka ni nyingi kuliko inayoyeyuka; inabaki, inashindiliwa na ya mwaka unaofuata, na baada ya miaka inakuwa barafu yenye tungamo la karibu kilo 900 kwa mita moja ya ujazo. Chini, kuyeyuka kunazidi, na theluji yote ya msimu wa baridi ikiisha, barafu ya miaka ya nyuma inaanza kuliwa. Kati ya sehemu hizo kuna mstari wa mizani, ambapo kinachoingia na kinachotoka ni sawa. Barafuto iliyotulia kwa kawaida ina nusu hadi theluthi mbili ya eneo lake juu ya mstari huo. Mstari ukipanda, sehemu inayolisha inapungua, na sehemu inayokula inatanuka.

Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika nyuzi 0 kunahitaji kilojuli 334. Joto hilo lingetosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Linatoka wapi? Kwenye barafuto nyingi, sehemu kubwa inatoka moja kwa moja kwenye jua, na hapo rangi ya uso inaamua mengi. Theluji mpya inarudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga. Barafu tupu inarudisha asilimia 30 au 40, na ikichafuka kwa vumbi na masizi inarudisha pungufu ya hapo. Kwa hiyo siku ambayo theluji ya mwisho inatoweka na barafu kubaki wazi, uso uleule chini ya jua lilelile unaanza kunyonya joto mara tatu au zaidi kuliko ulipokuwa na theluji mpya. Hewa yenye joto inachangia kwa kuharakisha siku hiyo, kwa kugeuza theluji kuwa mvua, na kwa kuipasha barafu yenyewe. Sentimita chache za theluji zikianguka katikati ya kiangazi zinaweza kusimamisha kuyeyuka kwa siku kadhaa. Ukiwauliza wapimaji wa barafuto wanaombea nini mwezi wa Julai kule Alps, watakwambia hiyo.

Mwaka 2022 Alps haikupata hata hiyo. Theluji ya msimu wa baridi ilikuwa haba, vumbi la Sahara lilitua juu yake na kuitia weusi, kisha kikaja kiangazi kikali. Barafuto za Uswisi zilipoteza karibu asilimia 6 ya ujazo wake katika mwaka huo mmoja, na asilimia 4 nyingine mwaka uliofuata.

Upimaji wenyewe hauna uchawi. Unachimba tundu jembamba kwenye barafu, unasimika mti au bomba la plastiki, na mwisho wa kiangazi unapima urefu uliojitokeza nje. Juu, kwenye theluji, unachimba shimo na kupima kina na uzito wa theluji ya mwaka. Unageuza vyote kuwa kina cha maji ili viweze kulinganishwa, unajumlisha, na unapata hesabu ya mwaka. Kwenye barafuto ya Storglaciären, Uswidi, kazi hii imefanywa bila kukatika tangu 1945. Siku hizi setilaiti zinapima urefu wa uso wa karibu kila barafuto duniani, na kwa pamoja njia hizo zinaonyesha kwamba kati ya 2000 na 2023 dunia ilipoteza wastani wa tani bilioni 273 za barafu ya barafuto kila mwaka, mbali na ngao kubwa za barafu za Greenland na Antaktika. Katika nusu ya pili ya kipindi hicho upotevu ulikuwa zaidi ya ule wa nusu ya kwanza kwa asilimia 36.

Barafu si lazima iwe maji ndipo ipotee. Palipo na hewa kavu sana na baridi, inageuka mvuke moja kwa moja. Njia hiyo ni ghali: inahitaji joto mara nane na nusu kuliko kuyeyusha, kwa hiyo inakula barafu polepole. Kileleni Kilimanjaro ndivyo sehemu kubwa ya barafu inavyoondoka. Barafu ya pale juu, kwenye uwanda wa kilele, karibu haiteremki kabisa kwa kuwa imelala mahali tambarare. Ina kingo zilizosimama wima kama kuta, jua linazila kutoka ubavuni, na theluji mpya haiwezi kukaa juu ya ukuta ili izijaze tena. Inaisha kama kipande cha sabuni. Mwaka 1912 barafu ya mlima ule ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Naitaja kwa sababu watu hupenda kuichukua kama mfano wa barafuto zote duniani, na haifai kuwa hivyo. Haina mkono wa kusukuma tangu mwanzo.

Turudi kwenye mkono. Kuna mwendo mmoja wa barafu ambao watu wengi hawaujui. Katika sehemu ya juu ya barafuto, barafu haiteremki sambamba na uso. Inazama kidogo ndani, ikizikwa na theluji ya kila mwaka. Katika sehemu ya chini inafanya kinyume: inaibuka. Barafu inayokuja kutoka nyuma inabanwa na ile ya mbele inayokwenda polepole zaidi, haina pa kwenda ila juu, na hivyo uso unainuliwa. Jiwe lililoanguka kwenye theluji karibu na kilele litasafiri ndani kabisa kwa miongo, kisha litajitokeza juu ya ulimi wa barafuto, yaani sehemu yake ya mwisho kule chini. Hata miili ya wapanda milima waliopotea karne iliyopita imeibuka kwa njia hiyo.

Kuibuka huku ndiko kunakoilinda barafuto iliyotulia. Tuseme kwenye ulimi joto linakula mita 6 za barafu kila mwaka. Ikiwa mwendo unainua uso mita 6 kila mwaka, ukirudi mwakani utakuta uso uko palepale. Mita 6 zimeliwa, mita 6 zimeletwa. Sasa barafu ya juu ikonde kidogo. Kwa ile hesabu ya kipeo cha 5, barafu inayoletwa inapungua sana, na kuibuka kunashuka kutoka mita 6 hadi, tuseme, 2. Uso wa ulimi utaanza kushuka mita 4 kila mwaka, hata kama kiangazi hakijaongezeka joto hata nusu nyuzi! Ulimi unakufa njaa, na njaa hiyo ilianzia kilomita kadhaa juu yake, miaka mingi nyuma.

Ndiyo maana katika vipimo vya miongo ya karibuni ndimi za barafuto nyingi zinashuka haraka kupita kile ambacho joto peke yake lingeeleza. Kisha kuna nyongeza: uso ukishuka, unaingia kwenye hewa yenye joto zaidi, kama nyuzi 6 hivi kwa kila kilomita ya kushuka. Ukishuka mita 100, umejihamishia kwenye hali ya hewa nyingine. Mwishowe sehemu ya chini inaacha kabisa kusogea. Wataalamu wanaiita barafu mfu. Imelala bondeni, imefunikwa na mawe, na inayeyuka mahali ilipo. Mara nyingi barafuto inakatika hapo: juu inabaki kipande chenye uhai, chini kipande kisicho na wa kukilisha.

Sasa maji. Wazo lako kwamba maji yangeifanya barafu iteleze ni la kweli kwa sehemu. Barafuto nyingi zinateleza juu ya mwamba pamoja na kujipinda ndani, na maji yenye shinikizo chini yake yanaiinua barafu kidogo na kupunguza msuguano. Mwanzoni mwa msimu wa kuyeyuka, maji yanapoingia chini kwa ghafla na kukuta njia finyu, mwendo unaweza kuongezeka sana kwa siku au wiki chache. Chini ya barafuto ya Argentière, Ufaransa, kuna mahandaki yaliyochimbwa ndani ya mwamba, na kwenye uwazi mmoja wanasayansi waliweka gurudumu la baiskeli linaloigusa barafu kwa juu. Barafu inapoteleza, gurudumu linazunguka. Ni chombo ninachokipenda kuliko setilaiti zote.

Lakini maji yakiendelea kuja, yanajichimbia mifereji. Mtiririko wenyewe unatoa joto linaloyeyusha kuta za mfereji, mfereji mkubwa unawanyang'anya wadogo maji yao, na maji yanatoka haraka kwa shinikizo dogo. Barafu inakaa tena juu ya mwamba, msuguano unarudi. Kufikia mwisho wa kiangazi, maji mengi yanaweza kupita chini ya barafuto bila kuiharakisha, na wakati mwingine inakwenda polepole kuliko wakati wa baridi. Kwa hiyo maji yanabadilisha kalenda ya mwendo zaidi ya jumla ya mwaka. Kinachoamua jumla hiyo, mwaka hadi mwaka, ni uzito na mwinamo. Barafuto za Alps leo zina maji mengi zaidi chini yake kuliko miaka ya 1970, na bado zinakwenda polepole zaidi kuliko wakati huo.

Hujaniuliza kuhusu muda, lakini bila muda utaisoma picha ya barafuto vibaya. Ncha ya barafuto ni barua iliyochelewa. Inakwambia habari za hali ya hewa ya miaka mingi iliyopita. Mwaka 1989 watafiti Jóhannesson, Raymond na Waddington walitoa kanuni rahisi: chukua unene mkubwa wa barafuto, gawanya kwa kiasi kinachoyeyuka kila mwaka kwenye ncha, na utapata takriban muda inaohitaji kujirekebisha. Barafuto yenye unene wa mita 100 inayopoteza mita 5 kwa mwaka kwenye ncha inahitaji kama miaka 20. Yenye mita 300 inayopoteza mita 4 inahitaji kama 75. Si kwamba inasubiri miaka 75 ndipo ianze. Inaanza mara moja, lakini sehemu kubwa ya marekebisho inachukua muda huo.

Hivyo barafuto mbili zilizo jirani, chini ya hewa ileile, zinaweza kuonekana zinasema mambo tofauti. Ile fupi ya kwenye mwinamo mkali inajibu upesi. Franz Josef ya New Zealand (jina ni la mfalme wa Austria, si la yule Hugi wa kibanda) ni ya aina hiyo. Kati ya 1983 na 2008 eneo lile lilipitia vipindi vya baridi kidogo, na barafuto zisizopungua 58 za New Zealand zilisonga mbele, wakati sehemu nyingine za dunia zikirudi nyuma. Kisha zikarudi nyuma nazo, tena mbio. Kule Alps pia barafuto nyingi zilisonga mbele hadi katikati ya miaka ya 1980, zikijibu miaka ya nyuma iliyokuwa na baridi na theluji zaidi. Ukiona mtu anatumia barafuto moja iliyosonga mbele kukana yote yaliyosemwa, muulize ina unene gani na mwinamo gani kabla hujabishana naye.

Upande wa pili iko Aletsch, kubwa kuliko zote za Alps, ambayo bado ina mamia ya mita za barafu katikati yake. Ncha yake imerudi, ndiyo, lakini mabadiliko yake unayaona vizuri zaidi kwa kutazama ubavuni. Kibanda cha wapanda milima cha Konkordia kilijengwa 1877 kwenye mwamba ulio juu ya barafu. Uso wa barafu umekuwa ukishuka tangu hapo, ngazi za chuma zikawa zinaongezwa kwa chini, na sasa anayetoka kwenye barafu kwenda kulala anapanda zaidi ya vidato 400.

Kwa sababu ya ucheleweshaji huo, barafuto za leo ni kubwa kupita kiasi ambacho hewa ya leo inaweza kulisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulikadiria kwamba hata joto la dunia likisimama hapa lilipo sasa, karibu asilimia 39 ya barafu ya barafuto duniani itaondoka katika karne zijazo hadi zifikie mizani mpya. Hata hivyo kurudi nyuma kwenyewe ni tiba ya aina fulani. Barafuto inapopoteza ulimi wake, inajiondolea sehemu iliyokuwa ikiyeyuka zaidi, na kinachobaki kiko juu, kwenye baridi. Ikiwa mlima ni mrefu vya kutosha, hesabu inarudi kwenye sifuri na barafuto ndogo inaishi. Mstari wa mizani ukipita juu ya kilele, hakuna pa kukimbilia.

Ziko barafuto zisizofuata njia niliyokueleza. Zilizofunikwa na mawe na kifusi kinene hazirudishi ncha nyuma kwa miongo. Kifusi kinakinga joto, ulimi unabaki mrefu huku ukikonda kimyakimya, na madimbwi ya maji yanaungana kuwa ziwa. Vumbi au changarawe nyembamba hufanya kinyume, huongeza kuyeyuka. Barafuto inayoishia ziwani inameguka vipande, na ncha yake ikianza kuelea inaweza kuongeza kasi wakati huohuo ikipotea, kwa kuwa kilichokuwa kinaizuia mbele kimeondoka. Kuna zinazofyatuka: zinakaa miaka mingi karibu zimelala, kisha zinakimbia. Variegated, huko Alaska, katika mfyatuko wake wa 1982 na 1983 ilifikia mwendo wa mita 65 kwa siku, kwa sababu mfumo wa maji chini yake uliziba.

Na kuna ajali. Mei 2025, juu ya kijiji cha Blatten, Uswisi, mawe mengi kutoka mlimani yaliangukia barafuto ndogo ya Birch. Mzigo ule ulikuwa kama unene ulioongezwa ghafla, na wewe sasa unajua unene unafanya nini. Kasi ilipanda hadi mita kadhaa kwa siku, wakazi walikuwa wameshahamishwa, na tarehe 28 barafuto yote iliporomoka na kufunika sehemu kubwa ya kijiji.

Mwisho wa barafuto wa kawaida hauna kishindo kama hicho. Mwaka 2014 mtaalamu wa Iceland, Oddur Sigurðsson, alitangaza kwamba Okjökull si barafuto tena. Barafu ilikuwa bado ipo kileleni, mtu angeweza kuitembelea na kuikanyaga, lakini ilikuwa imekonda mno kiasi kwamba uzito wake haukuweza tena kuisogeza. Kwa lugha ya kule, jökull ndilo neno la barafuto. Liliondolewa kwenye jina, likabaki Ok, jina la mlima wenyewe.